Siku Tatu za Kuku Mgeni

Ghala la ushirika lilipofungwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuzoa alizeti za watu mashambani, Zefania alirudi nyumbani Sepuka na shada la funguo zisizofungua kitu. Miaka kumi na minne alikuwa mtunza ghala. Sasa hakuwa na gunia la kukagua wala kibarua wa kumfokea, basi akamgeukia mkewe, Scola.

Ugali ulisongwa vibaya. Kuni zilichochewa mno. Scola akimsimulia jirani habari za msibani, Zefania alidakia, "Haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano," kisha akaimalizia habari yenyewe, mwenye habari akabaki mdomo wazi. Hata Scola akicheka, aliambiwa hapo si pa kuchekea. Majirani, waliomwita Scola Mama Ritha, walisema kapata mume mwangalifu. Scola angewapa mwangalifu huyo wakae naye wiki moja tu.

Kitu kimoja kilikuwa chake: kuku. Tangu biashara binafsi iruhusiwe, alizunguka vitongojini kununua kuku wa kienyeji, na kila Ijumaa Hanifa, mfanyabiashara wa Singida mjini, alikuja na pikapu kuwachukua wasafirishwe Dar es Salaam. Kuku wa wauzaji wengine Hanifa aliwapindua, akawapuliza manyoya, akawanusa. Kwa Scola aliuliza swali moja tu: "Wazima?" Scola akisema wazima, matenga yanapanda gari. Jina hilo la kuaminika hakupewa na mume wala mjomba.

Alilipata kwa utaratibu wake mwenyewe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Scola aliishika kauli hiyo vilivyo. Kila kuku aliyenunuliwa alifungwa kipande cha kanga kuukuu mguuni, akawekwa siku tatu katika kibanda cha peke yake, kule mbali kwenye ua wa minyaa. Kila asubuhi Scola alitazama kinyesi, kisha aliwainua mmoja mmoja hadi sikioni kusikiliza pumzi. Siku ya nne ndipo kamba ilifunguliwa. Zefania aliuita ushirikina.

"Ghalani mzigo ukiingia unachanganywa na mwenzake, kazi imekwisha," alisema.

"Gunia haliugui, Baba Ritha," Scola alimjibu.

Mwezi wa Septemba Scola alikwenda Ulemo kumzika shangazi yake, akalala huko siku tatu. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi Jumatano jioni alimkuta Zefania uwanjani, uso umejaa tabasamu.

"Juzi nimekuongezea kuku arobaini! Kile kitongoji cha bondeni wanauza bei ya kutupa. Kila nyumba inauza. Kumbe wewe siku zote ulikuwa unaibiwa."

Scola alitua furushi lake chini. Kila nyumba inauza! Yeyote aliyefuga kuku, hata wawili, anajua kwamba kitongoji kizima kikiuza kwa mkupuo, ugonjwa wa mdondo umeingia, na watu wanamsukumia mwingine hasara.

"Umewaweka wapi?"

"Banda kubwa, na wenzao. Na yale matambara nimewafungua wote, walikuwa wanaonekana kama vichaa."

Wote. Wageni na wenyeji, hakuna wa kumtambua.

"Umeniua, Baba Ritha."

"Usiseme umeniua. Sema umenisaidia."

Ijumaa alfajiri kuku saba walikuwa chali, kinyesi kijani, na wengine wameshusha mabawa. Scola alisema haondoki kuku hata mmoja.

"Waliosimama tuwapakie upesi," Zefania akasema. "Wakifia njiani ni kuku wa Hanifa."

Scola alisema hapana, mara mbili, akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba kuanza shimo la kuwafukia. Aliporudi banda lilikuwa tupu. Zefania alikuwa ameyapakia matenga kwenye mkokoteni wa punda na kwenda nayo barabarani.

Scola alikimbia peku, kanga ikimtoka kiunoni, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa haijawahi kumpata tangu azaliwe. Arobaini au mia, kuku wangezaliwa wengine. Lakini neno lake kwa Hanifa likifa, limekufa.

Pikapu ilikuwa imeshafika. Hanifa alimwona akija.

"Mama Ritha, wazima?"

"Wazima kabisa," akajibu Zefania. "Nimewakagua mwenyewe."

"Nimeulizwa mimi!" Scola alipiga ukelele, watu wote barabarani wakageuka. "Naulizwa mimi, unajibu wewe! Nimechoka! Hanifa, wana mdondo. Usipakie hata mmoja."

"Anachotaka kusema," Zefania alianza, "ni kwamba hili joto..."

Scola alifungua tenga, akatoa jogoo aliyepinda shingo hadi mgongoni, akamsukumia mumewe kifuani. "Haya. Msahihishe na huyu."

Hanifa alifunga mlango wa nyuma wa pikapu. Aliondoka na gari tupu, na Scola hakujua kama atarudi.

Nyumbani lile shimo lilikuwa halijafika magotini. Scola aliinua jembe.

"Unaanza na upana kwanza," Zefania akasema.

Scola akalitupa jembe miguuni pa mumewe, akaketi juu ya jiwe. Zefania alichimba hadi saa saba mchana, upana na kina, na mkewe hakumwondolea macho.

Mdondo ulimaliza banda zima; mvua zilipokuja Scola alianza upya na mitetea mitano ya kuazima kwa dada yake, na mayai yao yakamrudishia mtaji wa kununua kuku. Mwezi wa Februari pikapu ilisimama mbele ya nyumba yao. Zefania alitangulia kuilaki.

"Karibu, Bi Hanifa! Hapa kwetu kuku mgeni anakaa siku tatu peke yake, kamba mguuni. Ndiyo kanuni yangu. Mimi sitaki mchezo."

Scola, aliyekuwa akipepeta mtama, aliyasikia yote. Kanuni yake! Mtu huyu alikuwa amekwisha kusahau shimo alilolichimba kwa mikono yake.

Hanifa alimpita Zefania, akaja hadi kwenye ungo. "Siku ngapi, Mama Ritha?"

Zefania alifungua mdomo. Scola aliweka ungo chini, akamkazia macho, akangoja. Mdomo ukafungwa.

"Tatu," alisema Scola. "Na hawa bandani ni wazima."