Bhoke na pikapu iliyogoma kukata kona ya kulia

Saa mbili asubuhi, Bunda. Jua limeshayapasha moto mabati ya gereji za kando ya barabara ya Musoma, na miguu miwili yenye ndala za bluu imetokeza chini ya pikapu ya mwaka 1972. Ni miguu ya Bhoke Clementi, fundi magari, miaka arobaini na saba.

"Zungusha upande wa kulia, baba. Polepole. Usilazimishe."

Juu, kwenye kiti cha dereva, Mzee Isaya Makongoro wa Butiama anazungusha usukani. Raundi moja. Moja na nusu. Unagota kama umekutana na ukuta. Anaurudisha kati, anazungusha kushoto: moja, mbili, mbili na nusu.

Bhoke anajivuta nje, anajifuta grisi kwenye ovaroli. Mafundi saba wa gereji jirani wamesimama wanamtazama. Hakuna aliyekuja kusaidia.

Katika mstari huu wa gereji kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: gari likiharibika, lawama ni ya fundi aliyelifungua mwisho. Ndiyo maana gari lililopita mikono mingi hukimbiwa kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Pikapu ya Mzee Isaya imepita mikono minne. Wa tano ni Bhoke.

Jana yake mwenyekiti wa mafundi, Baltazari Mihayo, alimwambia mbele ya watu kwamba safari hii akishindwa ahame. Anaharibu jina la gereji, alisema, kwa kupokea magari ambayo wenzake wameshayatangaza maiti.

"Nikamwambia, mwenyekiti, maiti haijazikwa," anasema Bhoke. "Nikishindwa nitahama. Lakini nitashindwa nimejaribu. Siwezi kushindwa kwa kuambiwa."

Kuhama si neno dogo kwake. Ana miaka kumi na miwili hapa, nyuma kabisa, penye mtaro wa maji machafu, mahali ambapo mteja hafiki mpaka wa mbele wote wamemkataa. Wiki nzuri inampa shilingi elfu hamsini. Wiki mbaya anarudi nyumbani na harufu ya dizeli tu. Kwa pesa hiyo hiyo amesomesha watoto watatu.

Ufundi hakuupata darasani. Aliishia la saba huko Bugwema, akaja mjini kutafuta kazi.

"Nilikuwaga nafagia karakana ya kiwanda cha pamba," anasimulia. "Mafundi wakilala chini ya trekta linawashinda, mimi nafagia huku naangalia. Siku moja nikasema, hiyo boliti mnaifunga kinyume. Wakacheka. Baadaye wakaifungua."

Habari ya pikapu hii anayo Mzee Isaya mwenyewe. Miaka miwili iliyopita aligonga kisiki akitoka shambani na marobota ya pamba. Ikatengenezwa, na tangu hapo ikawa inakata kona ya kushoto vizuri, ya kulia inakataa. Pale senta ya Nyamuswa ilimbidi arudi nyuma mara tatu ndipo apinde kulia, na vijana wa bodaboda wakawa wanamuuliza kama ameshafika au bado anakata kona. Akaona bora azungukie njia ndefu yenye kona za kushoto tu. Wanawe wakamshauri aiuze chuma chakavu.

Mafundi watatu waliofuata walibadilisha hiki na kile. Mmoja alibadilisha vyuma vya kuunganisha magurudumu. Mwingine alisema chesisi imepinda, basi, haina dawa.

Bhoke habadilishi kitu. Anainua magurudumu ya mbele kwa jeki, anaufungua ule mkono wa chuma unaotoka kwenye boksi la usukani mahali unapoyashika magurudumu, ili boksi libaki huru. Kisha anafunga uzi mwekundu kwenye usukani, anauzungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akihesabu kwa sauti.

Raundi tano kamili. Anarudisha mbili na nusu.

"Hapa ndipo katikati," anasema akigonga boksi kwa spana. "Boksi ni zima. Halipendelei upande. Sasa tuone nani anayelidanganya."

Anaingia tena chini na mafuta ya taa na brashi ya waya, anasugua uchafu wa miaka kwenye shina la ule mkono. Zinajitokeza alama mbili ndogo, moja kwenye mkono, moja kwenye shina la boksi. Kiwandani ziligongwa zitazamane. Hapa zimeachana meno mawili ya lile shina.

Ina maana aliyeufunga mkono baada ya ile ajali aliuvika pasipo pake. Magurudumu yakinyooka, boksi limeshakwenda raundi nzima upande wa kulia. Likiambiwa liende tena kulia, halina pa kwenda.

Baltazari anasogea, anachuchumaa, anatazama muda mrefu. Anauliza nani alifunga hivi.

Anayejibu ni Mzee Isaya, akiwa bado kwenye kiti, bila kupandisha sauti.

"Ni wewe, mwenyekiti. Baada ya kisiki nilikuja kwako. Ukaufungua huo mkono, ukaufunga; usukani ukawa umekaa upande, ukauchomoa, ukauvika tena. Ukaniambia umenyooka, nenda."

Bhoke hachochei. Anasema kosa hilo ni la gereji zote za hapa, na yeye mwenyewe amewahi kulifanya.

"Wateja wetu hawapimi gari kwa kuendesha," anaeleza. "Anakuja, anachungulia dirishani, usukani umenyooka, anaondoka ameridhika. Basi na sisi tunanyoosha usukani. Ni kama kumchana nywele mtu mwenye malaria."

Mkono umeng'ang'ania. Kifaa cha kuuvuta kiko kwenye gereji ya mbele, lakini hakuna anayejitolea kumwazima. Anatumia chake, alichojiundia kwa chuma cha jembe la trekta na boliti mbili. Anakaza, anagonga, anakaza. Saa sita kasorobo unaachia kwa mlio kama wa bunduki, na mafundi wawili wanaruka.

Anaurudisha alama zikitazamana. Kisha anauchomoa usukani na kuuvika upya, safari hii juu ya ukweli.

Mzee Isaya anawasha. Anatoka hadi kwenye uwanja ulio mbele ya gereji, anakata upande wa kulia, duara zima, bila kurudi nyuma. Anakata la pili. La tatu.

"Anafanya nini huyo?" anauliza mtu.

"Anadai kona zake za miaka miwili," anajibu Bhoke.

Baltazari anamwita pembeni. Anamwambia yaishe, abaki palepale pake, hakuna atakayemgusa.

"Palepale sibaki," anasema Bhoke. "Nilikubali kuhama mbele ya watu. Nahama."

Analiburuta sanduku lake la spana, hatua kwa hatua, kupita gereji moja baada ya nyingine, mpaka kipande kitupu kando ya barabara, panapopita kila gari liendalo Musoma. Hakuna anayemzuia.

Hapo, kabla ya mvua za masika, amekusudia kuchimba shimo la kukagulia magari, la kimo chake, na kulijengea kwa matofali na saruji.

"Sanduku mtu anaweza kulibeba akalitupa," anasema, akipima ardhi kwa hatua za ndala. "Shimo atalibebaje?"