Nilinyamaza Kikaoni, Wakahesabu Nimekubali

Admin, naomba ulipitishe hili bila jina langu, maana watu wengi wa hapa Yeoville wanafuata ukurasa huu, na wifi yangu ni mmoja wao. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongo wa Uvira, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni kusuka nywele saluni. Joburg nimekaa muda mrefu, Kiingereza kinanitosha, na nilidhani mji huu nimeshauzoea.

Wengine wakituma visa vyao hapa huwa wanalia. Mimi silii. Napika, nasuka, nalala, naamka. Juzi mteja aliniambia nimemvuta mpaka machozi yamemtoka. Nikamwomba radhi, nikaendelea kusuka.

Shule ya msingi wanayosoma wanangu ina kamati ya wazazi na walimu. Si kamati ya kunywa chai. Mambo makubwa ya shule yanaamuliwa humo, wazazi na walimu meza moja, mkuu wa shule haamui peke yake. Sisi tuliotoka nchi nyingine hatukuwa na mtu kule ndani, kwa hiyo uchaguzi wa mwaka huu wa 2018 tulijipanga, nikapigiwa kura mimi. Aliyezunguka kuniombea kura, kanisani na saluni, ni huyo wifi yangu. Anaishi kwetu, tumegawana nyumba kwa pazia, na alikuwa ndiyo kwanza amemleta binti yake kutoka nyumbani. Nimwite Furaha. Ana miaka kumi na moja, hesabu anamshinda mwanangu, ila Kiingereza hakijui.

Watoto kama Furaha walikuwa na chumba chao pale shuleni. Asubuhi wanafundishwa Kiingereza humo, kisha wanarudi kusoma na wenzao wa umri wao. Sasa mkuu wa shule akaleta hoja kikaoni kwamba chumba kile kinahitajika kwa kompyuta, na watoto wasiojua Kiingereza washushwe madarasa ya chini mpaka wakijue. Walimu wakaunga mkono. Wazazi wenyeji wakasema kompyuta ni jambo jema. Mkuu wa shule, mzee wa mvi na mpole, akanigeukia akauliza mimi naonaje.

Hapa naomba mnielewe. Kwetu nimelelewa kwamba mkubwa akisema jambo usilolitaka, humpingi mbele za watu. Unanyamaza, unatazama chini. Yeye akiona hivyo anajua umekataa, anaiweka hoja pembeni, baadaye anakuita mnaongea. Marehemu baba alipoletewa posa ya dada yangu ambayo hakuipenda, hakusema hapana. Alinyamaza mpaka wageni wakaaga, na hakuna aliyeuliza tena. Basi na mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote, nikatazama meza, nikajua nimekataa.

Mwenyekiti, ambaye ni mama mwenyeji, alisubiri kidogo, kisha akasema hakuna anayepinga, kwa hiyo tumekubaliana wote. Wakaingia kwenye mambo ya uzio. Nilirudi nyumbani nikingoja mkuu wa shule aniite pembeni. Nilingoja wiki nzima, mjinga mimi. Jumatatu iliyofuata Furaha alitolewa darasa la tano akapelekwa la pili, na magoti yake hayaingii chini ya dawati.

Nilimfuata mwenyekiti getini nikamwambia mimi nilikuwa nimekataa. Alishangaa kweli, hakuwa na ubaya.

"Eish, Mama, ungesema tu," akaniambia. "Tungekusikiliza. Hapa mtu akinyamaza tunajua amekubali."

Kinachoniumiza ni kwamba namwamini. Wangenisikiliza. Nasema kinaniumiza kwa sababu najua ndivyo inavyopaswa kuwa, ila maumivu yenyewe siyasikii.

Wifi yangu alipopata habari kwamba kamati yote ilikubali, alikuja upande wetu wa pazia akasimama.

"Wifi, siye tulikutuma useme," akasema. "Wewe ukaenda kutuuzisha."

Nilimweleza yote, mpaka habari ya posa ya dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, hakunijibu. Tangu siku ile namsalimia, ananyamaza. Na mimi huo unyamavu naujua maana yake, sihitaji mkalimani. Mume wangu anasema ni mambo ya wanawake, yatapita.

Jumamosi hii kuna mkutano wa wazazi wote. Mkuu wa shule aliniita, safari hii pembeni kweli, akaniomba nisimame niwaeleze wazazi wetu kwa Kiswahili kwamba kamati nzima ilikubaliana. Alisema wakilisikia kutoka kwangu watalipokea. Nami nikafanya nini? Nikanyamaza, nikatazama chini. Akanishukuru, akanipa mkono.

Jana Furaha aliniomba nimsuke vile wanavyosukwa watoto wadogo, na vishanga, ili asionekane mkubwa sana darasani. Nikamsuka. Alikaa kimya katikati ya magoti yangu mpaka nikamaliza, na sikujua ananikubali au ananikataa.

Ndugu zangu, nisimame Jumamosi nimpinge mzee yule mbele ya watu wote, na wanangu wako shuleni kwake? Nijiuzulu, kiti chetu kipotee? Au niseme alivyonituma mkuu wa shule, halafu nirudi kulala nyuma ya pazia lile? Nishaurini, na nawaomba mniandikie kwa maneno. Atakayesoma akapita kimya, sitajua amenijibu nini.