Ngoma za Mzee Khamis wa Bombolulu

Ukitaka kujua nani anaoa Kisauni, wapi kuna maulidi na kanisa gani limepata kwaya mpya, usihangaike. Kaa kidogo tu dukani kwa Mzee Khamis, Bombolulu. Humo matari ya madrasa yanatundikwa msumari mmoja na kayamba za kanisa, magitaa yanangoja nyuzi, na asiye na chombo siku ya shughuli yake huazimwa kimoja, akirudishe akimaliza. Duka lenyewe dogo, lakini furaha za watu zilizoanzia mle, we acha tu.

Margret alikuja Jumamosi kuchukua ngoma ya kwaya, ambayo vijana wake walikuwa wameileta iwambwe ngozi mpya. Kesho yake kanisa lao jipya la Utange lilikuwa linafunguliwa, yeye ndiye kiongozi wa kwaya, na ngoma ile iliyopasuka ngozi ndiyo waliyoitegemea. Akamkuta mzee amempa mgongo, anakaza kamba.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Akarudia. Akarudia tena kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, mzee hata hakugeuka. Margret akamzunguka, na mzee alipomwona akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Ukisema, nitazame. Masikio yameshakataa kazi."

"Tangu lini?"

"Ramadhani ya mwaka juzi. Moja lilitangulia, la pili likafuata."

Margret akaitupia jicho ngoma. Ngoma imewambwa na mtu asiyesikia, kesho ndiyo hiyo, na pa kuipeleka pengine hana. Mzee aliyaona yote usoni mwake, wala hakukasirika. Akaisogeza ngoma karibu na jiko la makaa, ngozi ikapata joto, kisha akaegemeza kidevu kwenye mbao ya ngoma apate mtetemo wake, na kugonga kwa kidole. Akakaza kamba, akagonga. Akalegeza kidogo, akagonga tena, macho ameyafumba. Margret akaisikia sauti ikipanda, ikitakata, mpaka ikatua pale pale kwaya ilipozoea kuimbia.

"Mwaka jana vijana wangu walikuletea mbili ukatuwambia," akasema. "Hukuzisikia?"

"Wallahi, hata moja. Huwa najiuliza zinalia vipi huko kwenu."

Mtu huyu amewapa watu sauti yote hiyo na mwenyewe hajaambulia hata tone. Margret akamwekea ngoma mapajani, ubavu wa ngoma ukamgusa mzee kifuani, akaanza kuipiga na kuimba wimbo wa kesho, machozi yakimtoka bila haya. Mzee akaikumbatia, akatulia tuli. Wapita njia wakasimama mlangoni.

Punde mzee akainua mkono.

"Unakimbiza, mwanangu," akasema taratibu. "Wazee wa kanisani hawatakuwahi."

Hilo ndilo kwaya humlalamikia kila Jumapili, na hajawahi kukubali. Margret akafuta uso, akaanza upya, polepole.