Stockholm kwa Miguu na Dada Generoza

Watu wa mtaani kwangu Kigoma wakiniuliza Sweden nilifuata nini, nawajibu nilikwenda kumwona dada. Si uongo, ila ni nusu. Nusu ya pili niliibeba kifuani miaka kumi na tisa. Siku dada yangu Generoza alipoondoka kwenye kambi yetu ya wakimbizi kupelekwa Ulaya, majirani wote walimsindikiza hadi kwenye basi, na mimi mdogo wake wa tumbo moja nikabaki kitandani. Nilimwambia mume wangu nina malaria. Sikuwa na malaria, nilikuwa na wivu. Jina lake lilitoka kwenye orodha, langu halikutoka, nikaona bora nijifunike shuka kuliko kumpungia mkono. Na kwetu hata jirani aliyekuja kuomba chumvi husindikizwa. Kwenye simu hatukuwahi kuligusa jambo hilo. Aliponitumia tiketi nikaapa kwamba nitamwomba msamaha uso kwa uso kabla sijarudi.

Nilikaa kwake Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, wiki tatu. Nilikula, nikanenepa, nikasema kila kitu isipokuwa hilo. Ikabaki siku moja. Ineza, binti yake anayesomea uuguzi Flemingsberg, akanichorea njia kwenye karatasi. "Mama mdogo, huwezi kurudi bila kuona mji," alisema, nusu Kiswahili na nusu Kiswidi, mama yake akanitafsiria nusu iliyonipita. Ineza Jumamosi huwa kazini hadi mchana, kwa hiyo angetukuta mwisho wa njia, kwenye daraja lililo mbele ya nyumba ya mfalme. Nikajua nafasi yangu ndiyo hiyo, mimi na dada peke yetu asubuhi nzima.

Saa tatu asubuhi, stesheni ya Jordbro. Treni ilifika, tukakaa dirishani. Behewa lilikuwa kimya kama kanisa kabla ya misa. Nikaanza kumhadithia dada habari za shangazi yetu aliyegombana na padri, akanifinya paja. "Punguza sauti, Koleta. Hawa hawajatuzoea." Nikapunguza, lakini niliona mama mmoja kiti cha upande wa pili ameacha kusoma gazeti lake. Hata kama hakujua lugha, umbea aliutambua.

Saa nne tulikuwa Stadshuset, jumba la manispaa, matofali mekundu matupu, mnara mrefu na juu yake mataji matatu ya dhahabu. Limejengwa ukingoni kabisa mwa maji. Tulisimama kwenye bustani, upepo mtamu, nikajisemea moyoni, sasa. Nikafungua mdomo, na mlango nao ukafunguliwa, wakatoka maharusi. Kisha wakatoka wengine. Kisha wengine tena. Dada akaniambia hapo watu hufungishwa ndoa dakika chache tu, wakitoka wanaingia wenzao. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kupishana na gauni la harusi nikalitazama kwa macho ya kawaida. La kwanza pindo lilikuwa limeshonwa kwa haraka, la pili lilikuwa zuri, la tatu lilimbana mwenyewe kwapani mpaka nikamwonea huruma. Nilipomaliza kukagua, dada alikuwa ameshavuka geti.

Kama nusu saa baadaye tulivuka daraja hadi Riddarholmen, kisiwa kidogo chenye kanisa walimozikwa wafalme. Ncha ya mnara wake ni ya chuma chenye matundu, unaona mawingu ng'ambo yake. Uwanja ulikuwa mtupu, hakuna bibi harusi wala mtalii.

"Dada," nikasema, "kuna jambo linanisumbua."

Akanitazama tumboni. "Toka asubuhi?"

"Toka zamani."

"Na unanyamaza! Twende, kuna choo huku mbele."

Akanishika mkono, akanikokota mpaka kwenye mkahawa mmoja, akamweleza mhudumu kwa Kiswidi kwamba mdogo wake ana shida. Ningesema nini? Niliingia chooni, nikakaa humo dakika tano nikijitazama kwenye kioo, nikatoka. Dada akaniuliza kama nimepata nafuu. Nikamwambia bado.

Kabla ya saa sita tuliingia mji wa kale, Gamla Stan. Mitaa yake ya mawe imepinda, maduka yamebanana. Tukafika kichochoro ambacho Ineza alikiwekea nyota kwenye karatasi, chembamba kuliko vyote mjini. Ni ngazi zinazopanda kati ya kuta mbili, na upana wake ni wa mtu mmoja na kikapu chake. Watu wawili hawawezi kutembea sambamba. Dada alitangulia, nami nikafuata, naona visigino vyake na mkoba. Uso wake sikuuona, na nadhani hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Dada, siku ulipoondoka kambini sikuja kukusindikiza."

Aliendelea kupanda. "Siku ipi?"

"Siku ya basi. Nilisema naumwa. Sikuwa naumwa, nilikuonea wivu. Nisamehe."

Alisimama ghafla, nusura nimgonge. Akageuka. "Koleta, usinichezee. Ulikuja. Ulinibebea sanduku. Ulilia mpaka dereva akazima gari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kofi. Hilo sikujiandaa nalo. "Sanduku nilikusaidia kulifunga jana yake," nikasema. "Asubuhi ile sikuwepo, dada. Labda aliyelia ni jirani."

Wakati huohuo kundi la watalii likaanza kushuka, mwongozaji mbele na kibendera chake. Tukajibandika ukutani tumbo ndani. Walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alitusalimu, nasi tukamwitikia, watu wapatao ishirini. Wa mwisho alipopita, dada aligeuka akamaliza ngazi.

Tulitembea yeye mbele mimi nyuma mpaka Stortorget, uwanja wenye nyumba nyembamba za rangi, nyekundu na ya haradali, zile zinazopigwa picha na kila mtu. Tukakaa kwenye benchi. Dada alinunua kahawa na mikate ya mdalasini, akaweka wangu mbele yangu, wake hakuugusa. Angekuwa na furaha, mkate ule angekuwa ameshaumaliza.

"Mwaka wa kwanza hapa," akasema hatimaye, "kulikuwa giza saa tisa mchana. Simjui mtu, lugha siijui. Nikichoka nilijiambia, Koleta alikulilia mpaka basi likasimama, jikaze. Nikaamka nikaenda shule yao. Sasa unaniambia hukuwepo."

"Nilitaka usiishi na uongo."

"Ungeniachia," akasema. "Ulikuwa unanifaa."

Nilijiona mwizi. Nilikwenda kutua mzigo wangu, kumbe namtwisha yeye. Nikasema tena nisamehe, akasema kunywa kahawa itapoa.

Saa sita na robo mchana, nyumba ya mfalme. Hapo walinzi hupokezana zamu kwa bendi na farasi, na watu hujaa uani kama mnadani. Tulisimama nyuma, dada amekunja mikono. Walinzi wale wanapendeza, nguo za buluu, kofia za chuma zenye ncha, wanatembea kama waliofungwa kamba moja. Lakini mmoja mwembamba suruali yake ilimpwaya nyuma, na kila akipiga hatua ilipiga na yenyewe, ikichelewa kidogo.

"Huyo wamletee fundi," nikanong'ona. "Nampunguzia hapahapa amesimama."

Dada alicheka puani, kisha akakumbuka amenuna. Farasi wakapita. Nikamwona anamtafuta tena yule mwembamba kwa macho.

Saa saba tukamkuta Ineza darajani, akatupiga picha zilizoonyesha maji, mabango ya barabarani na nusu ya kichwa changu. Kisha tukashika njia ya stesheni. Picha moja nimeiweka dukani kwangu, wateja huniuliza kwa nini dada yangu anaonekana kama aliyekunywa dawa chungu. Nawajibu ni jua.

Saa nane, ndani ya treni ya kurudi Jordbro. Ineza alikaa mbele yetu, akatoa simu yake na kuielekeza kwangu. "Mama mdogo, kesho usilie uwanja wa ndege kama siku ile ya basi," akasema. "Mama amenihadithia tangu niko mdogo. Nisimulie wewe mwenyewe, nirekodi. Ulimsimamishaje dereva?"

Nilitazama nje, misonobari inapita. Ningeweza kuisimulia. Dada angenyamaza, mtoto angefurahi, na hadithi ingeendelea na maisha yake. Lakini mdomo ulikataa.

"Siku ile hakuja," dada akasema.

Ineza akashusha simu. Akauliza kitu kwa Kiswidi, nikaelewa sura yake tu.

"Hapana, hakuwa mgonjwa," dada akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ya nyumbani, na behewa zima likageuka. "Alichelewa. Ndiyo kwanza amefika."

Akanishika mkono, akauweka pajani pake, hakuuachia mpaka Jordbro. Mimi nililia, na safari hii nilikuwepo kweli. Kesho yake nilipanda ndege. Nilichojifunza Stockholm ni kwamba dada yangu alimpenda miaka kumi na tisa Koleta ambaye hakuwepo, na siku alipoambiwa ukweli alihitaji mchana mmoja tu kuamua kumpenda huyu aliyepo.