Jagi la Bibi Mwanakhamis

Hapa Unguja mjini hakukuwa na mchora hina wa kumfikia Thuwaiba wa Michenzani. Anayebisha ajipange, maana anayekwambia keshakula pilau za harusi tangu Chukwani mpaka Nungwi, na hasemi uongo ila akishiba.

Lakini mkono huo ulikuwa umekaa bure. Mumewe, Miraji, alifariki, na Thuwaiba akaingia eda: miezi minne na siku kumi, ghorofa ya nne, hatoki, hajifukizi udi, hatii hina hata ukucha. Eda ikiisha nyumba inarudi kwa ndugu wa marehemu, wenye nyumba.

Hilo alilikubali. Lililomkaba ni jagi la maua, la kauri, buluu na nyeupe, mdomo umemeguka kidogo. Alilirithi kwa bibi yake, Mwanakhamis, akaja nalo siku ya harusi. Shemeji yake Amour alipoandika mali za marehemu alilikuta juu ya kabati, akaliandika. Thuwaiba akasema ni lake. Amour hakubisha, ana adabu sana yule, adabu za kumfunga mtu mikono. Aliuliza tu, shahidi nani?

Shahidi duniani alikuwa mmoja: wifi yake Nadra, dada wa huyohuyo Amour, aliyelipokea jagi mlangoni siku ile. Nadra aliahidi atasema mbele ya watu siku ya kutoka eda. Lakini Nadra huyo, kaka yake akikohoa tu, yeye anasahau jina lake. Kwa hiyo Thuwaiba akaamua alau alichore, likichukuliwa abaki na sura yake. Picha za simu hakuzitaka. Za Miraji zote zilizama na simu ndani ya ndoo.

Akamwagiza Nadra majani ya kutia jagini. Nadra, kwa akili zake, akaleta mrehani na langilangi.

“Wifi, wataka nivunje eda kwa pua?”

Nadra akacheka mpaka akakaa. Kesho yake akaleta majani ya mti wa mkungu, mengine mabichi, mengine mekundu, na vitawi vya mfenesi, visivyonukia kitu.

Rangi aliyokuwa nayo ni hina tu. Karatasi si mwili, Thuwaiba akajipa fatwa mwenyewe, akachora siku tatu, kila jani likinyauka akitia jengine. Hina ilipokauka akaipukutisha kidogo pembeni. Chini yake palikuwa na rangi ya chai ya mgonjwa. Kwa bi harusi hina huiva kesho yake. Akangoja, karatasi haikuiva.

Hapo fundi wetu akafanya ujinga ambao asiye fundi asingeuweza. Hina huiva kwa joto la mwili, analijua hilo tangu mdogo. Akairowesha kwa ndimu na sukari, kama anavyowafanyia maharusi, akaibandika karatasi tumboni, uso wa picha ndani, akafunga kanga juu yake, akakaa nayo kutwa. Alipoifungua, karatasi ilikuwa tope. Tumboni palibaki umanjano hafifu. Akauosha, akasema utatoka.

Siku ya pili yake eda ikaisha. Nadra akaja kumkosha. Kanga ilipoteremka, kata ya maji ilibaki hewani. Tumboni kwa mjane, nyekundu kama tofali, lilikaa jagi zima, mdomo umemeguka, na majani ya mkungu juu yake, jani kwa jani.

Thuwaiba akaeleza: karatasi, ndimu, joto. Kila alivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika uongo.

“Wifi,” Nadra akasema polepole, “kaburi la kaka'angu hata halijaota majani.”

“Wallahi nlikuwa nalichora jagi.”

“Naliona. Na limeiva.”

Baada ya alasiri Amour akauliza mbele ya watu, kwa adabu zake zilezile. Nadra akatazama mkeka, akasema hakumbuki. Amour akayatoa majani, akayalaza mezani, akamwaga maji, akalifunga jagi kwa taulo, akalipakata kama mtoto mchanga.

Thuwaiba alihamia chumba cha uani kwa shangazi yake, Chukwani. Akioga, tumbo halisugui. Siku ya kumi ilibaki shingo ya jagi na jani moja. Ya kumi na tano hapakuwa na kitu.