Laptop ya Mwalimu Kabula

Mniite mwongo mkitaka, lakini mimi nilikuwepo, tena nilikuwa mzima, sijagusa hata tone la pombe. Ilikuwa hapa Bariadi, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipokuwa wakigombania wakulima. Fundi kompyuta mtaani kwetu nilikuwa mimi peke yangu, na nilijiona bingwa kweli!

Mwalimu Kabula aliniletea laptop yake. Ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake akiimba, aliyoirekodi nyumbani kwao Sapiwi siku chache kabla mama hajafa. Nakala nyingine hakuwa nayo. Na kila akiifungua, wimbo ukifika katikati mashine inaganda, memori ilikuwa ndogo mno.

"Fundi, nataka nimsikie mama mpaka mwisho," aliniambia. Nikaagiza memori kubwa zaidi kutoka Mwanza, ikaja na basi.

Mchana ule mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Mimi nikafurahi: umeme haupo, hatari itoke wapi? Kioo kilikuwa cheusi tii. Nikaigeuza mashine, nikafungua skrubu za chini, nikashika memori ya zamani niichomoe.

"Zima hicho kitu, utakiunguza."

Ilisemwa kwa Kisukuma. Nikainua macho. Bibi mmoja aliyejifunga kaniki ameketi kwenye kiti cha wateja, na mlango sikuusikia. "Mwadila, mayu," nikamwamkia. Akapiga ulimi, tka! akacheka kidogo, akanyoosha kidole kwenye mashine. Nikatazama: kitaa cha kijani kinawaka na kuzima pembeni.

Mama yangu! Betri sijaitoa. Mashine ilikuwa imelala tu, haijazimika. Ningechomoa pale ningeunguza vyote, na sauti ya marehemu humo humo.

Nikazima, nikatoa betri. Nilipogeuka nimshukuru, kiti kitupu. Na sakafu, niaminini, ilikuwa safi. Nani atembee Bariadi siku ya mvua asiingize lile tope jeusi ndani?

Jioni, memori mpya imeshaingia, umeme ukarudi, Mwalimu akaja. Nikaiwasha mbele yake. Wimbo ukapita pale pa kukwama, ukaenda hadi ukaisha. Kisha mama akapiga ulimi, tka! akacheka, akamwambia bintiye: "Zima hicho kitu, utakiunguza."

"Ndivyo alivyosema!" Mwalimu analia huku anacheka. "Nilishasahau kabisa!"

Mimi nilikuwa nimeshafika uani. Nilirudi baadaye kwa aibu, nikamtolea nakala mbili za CD, na usiku ule nililala usingizi mtamu ajabu. Sauti ilikuwa imepona.

Mpaka leo, kabla sijafungua mashine ya mtu, nakiamkia kile kiti. Wateja wananicheka, na wacheke. Nawe unayejifanya fundi, umeme ukikatika usidanganyike, toa betri kwanza. Mimi nilikuwa na mama yake Kabula wa kunikataza. Wewe una nani?