Joto la Nyuma ya Firigo

Kabla ya kunguruma, firigo ya zahanati ilijitikisa kwanza, chupa zikagongana ndani, ndipo ikaanza wimbo wake mmoja usio na mwisho. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa sauti ya mama. Mimi nakumbuka mashine ile, wala sioni aibu, maana mwaka ule hakuna aliyezungumza nami zaidi yake. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kambi ya machimbo ndani ya msitu wa Walikale, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mubi. Mama alikuwa amefariki kwetu Kibabi, kwenye vilima vya Masisi, na Papa, baba yangu, fundi wa umeme wa kambi ile, akanichukua nikae naye. Nilikuwa na miaka tisa.

Msitu haukunipenda, nami sikuupenda. Kwetu ukitoka mlangoni unaona vilima na moshi wa kila jirani; kule ukitoka mlangoni unaona mti. Nguo hazikukauka, chumvi iligeuka maji, na harufu ya majani yanayooza iliingia hadi kwenye ugali. Papa aliondoka alfajiri, akarudi jioni amechoka, tukala bila maneno mengi. Watoto wa kambi walisemezana Kinyanga, lugha ya msitu ule, na mimi nikifungua mdomo walicheka mpaka wakashika mbavu. Shule ilikuwa ya wavulana tu. Basi nikawa nafagia zahanati, na Papa Leonari, mwuguzi, mtu mwema ila mchache wa maneno, akaniacha nikae kwenye baraza ya nyuma ilipowekwa firigo ya dawa. Nilishinda pale mchana kutwa, nimeiegemea mgongo. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na mtoto mpweke huzungumza na chochote kinachotoa sauti.

Mali yangu ilikuwa moja tu: kifurushi cha mbegu za maharagwe alizoacha Mama. Kwetu mbegu haiwekwi popote tu. Hufungwa kwa majani makavu ya mgomba, ikatundikwa juu ya moto jikoni ili moshi ufukuze wadudu, na nyumba iliyopoteza mbegu yake huchekwa hata na wakwe. Kambini Papa alipikia nje, kwenye mbabula, jiko dogo la makaa. Hapakuwa na dari wala moshi wa kutosha. Siku moja nilifungua kifurushi nikakuta ukungu mweupe, nikaogopa kweli, nikaona Mama anakufa mara ya pili. Sasa, firigo ina kituko chake: mbele baridi, nyuma joto. Kwa akili ya mtoto wa Kibabi, penye joto la kila siku ndipo pa mbegu. Nikakisukuma kifurushi kule nyuma, chini kabisa, juu ya chungu cheusi cha chuma kinachonguruma, ambacho Papa alikiita kompresa. Zilikauka vizuri ajabu, nami nikajiona hodari.

Kisha alasiri moja firigo ikanyamaza. Ilijaribu kuamka, nguuu, halafu ta, kimya. Nikachomoa kifurushi upesi kabla mtu hajaja. Majani ya chini yalikuwa yameungua na kutoboka. Nikakifunga ndani ya kikwembe changu cha kujitanda, nikaenda kukificha chini ya kitanda. Kwa hiyo Papa alipofika na vyombo vyake hakukuta dalili yoyote. Taa ya ndani iliwaka, basi umeme ulikuwepo. Akapima waya mmoja mmoja, akakwangua kutu, akajaribu tena: nguuu, ta. Papa Leonari alizitia dawa za sindano kwenye mtungi na kuuzamisha kijitoni, lakini alisema maji yale hayatazitunza kupita siku mbili. Mkubwa wa kambi, Mzungu asiyerudia neno, alimwambia Papa kwamba kama hadi kesho jioni haijanguruma, ataletwa fundi mwingine na yeye atashuka kuchimba. Wachimbaji walilala kwenye mabweni ya wanaume. Mtoto hakuruhusiwa huko.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini mimi niliyaficha. Nikisema, Papa atanirudisha Kibabi kwa sababu nimeharibu mashine, na sikuwa na mzazi mwingine ila yeye. Nisiposema, atapoteza kazi na nitarudishwa vilevile. Nikachagua kunyamaza, maana kunyamaza nilikuwa nimekuzoea.

Siku ya pili, mchana, Papa aliona limebaki jambo moja, kukikata kile chungu atazame ndani. Chungu hicho hufungwa kwa moto kiwandani, na hewa yake ikishatoka hakuna fundi wa kambi awezaye kuirudisha. Alijua. Alimweleza Papa Leonari hivyohivyo, kisha akaupangusa msumeno. Akapiga magoti, akauweka juu ya chuma.

"Papa, usikate," nikasema. "Ni mimi. Niliweka mbegu za Mama kule nyuma, zipate moto."

Aliweka msumeno chini. Akawasha tochi, akainama ubavuni mwa kompresa, penye kisanduku kidogo kinachoiamsha, ambacho kifuniko chake kilivunjika zamani. Kati ya vyuma viwili vinavyotakiwa kugusana lilikwama haragwe moja jekundu. Alilitoa kwa ncha ya waya, akasugua vyuma, akaunganisha umeme. Chupa zikagongana, firigo ikanguruma. Papa Leonari alipouliza, Papa alimjibu kwamba takataka iliingia. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa unakuya hapa kila siku?"

"Kila siku."

"Na nani?"

Nikaonyesha firigo. "Na hii."

Nilingoja kofi, halikuja. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akakusanya vyombo vyake taratibu. Jumamosi ile alinipandisha kwenye lori la kambi pamoja na kifurushi changu, nikakae kwa shangazi Kibabi. "Rudi," aliniambia. "Kule njo kuko watu." Nililia hadi Mubi. Niliamini ananiadhibu, nikamchukia kwa nguvu zangu zote. Alikuja kututembelea Noeli mbili, mimi nikajificha kwa jirani. Kabla ya ile ya tatu tulipata habari kwamba homa imemchukua.

Leo nakaa Goma. Firigo ikigoma, kijana wa mtaani hubadilisha kile kisanduku kabla chai haijachemka, na mjukuu wangu aliyeko Walikale akikumbuka nyumbani anapiga simu. Mimi nilikua kati ya shangazi na binamu, nikagombana nao, nikaolewa, nikazaa. Nimekuwa na watu maisha yangu yote, hadi siku nyingine nafunga mlango nipumue. Ilinibidi nizae ndipo nielewe kwamba haikuwa adhabu. Mke wake alikuwa kaburini, na katika msitu wote ule hakuwa na mtu ila mimi, naye akaniachilia. Jioni ya Jumamosi ile, lori lilipokwisha kuondoka, sijui alikula na nani.